Jando la Masasi na Ukuaji wa Mkristo Mtu Mzima

Mwaka 1928 Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi, alichapisha insha juu ya namna Kanisa lipaswavyo kuzikabili mila zisizo za Kikristo. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde waliokaa kaskazini mwa Ruvuma, jando ndilo lililomfanya kijana ahesabiwe kuwa mtu. Huko pwani, Mikindani na Mtwara, lilikuwa limekwisha kuvikwa vazi la Kiislamu. Kanisa ambalo lingelikataza tu lingewapoteza vijana wake. Lucas alichagua kulibatiza: tambiko likaondolewa, sala na baraka zikawekwa mahali pake, na mafundisho ya Kikristo yakaingia kumbini.

Hatua hiyo yastahili heshima. Lucas alitambua kwamba mwanadamu hajikuzi mwenyewe, bali hukuzwa na jamii yake. Katika miaka ile ile Bruno Gutmann, Mlutheri aliyefanya kazi kwa Wachagga wa Old Moshi, alifuata njia iliyo karibu na hiyo.

Hata hivyo, mpango huo una pengo. Uzito wake umemwelekea kijana aingiaye kumbini, wala si mzee amfundaye. Tena jando kwa asili yake ni mlango: huvukwa mara moja, na aliyekwisha kuvuka hahesabiwi tena kuwa mwanafunzi. Imani haina mlango wa namna hiyo. Katika Waebrania 5:12 wanakemewa watu waliopaswa kuwa walimu, nao wangali wakihitaji maziwa.

Kosa hili si la Waanglikana peke yao. Kipaimara chetu nacho kimekuwa jando: nguo mpya, karamu na picha, kisha Katekisimo hufungiwa kabatini. Lakini Luther, katika dibaji ya Katekisimo Kubwa, akiri kwamba yeye, daktari na mhubiri, angali akijifunza Katekisimo kila siku kama mtoto.

Kwa hiyo, mchungaji anayetaka kuirithi hekima ya Masasi asianze na vijana. Na ajiulize kwanza: katika usharika wangu, ni nani awafundishaye wazee wa kanisa, wazazi na wasimamizi wa ubatizo, na mimi mwenyewe nafundishwa na nani? Kungwi asiyefundwa hana la kumfunda mwari.