Mbegha na Deni la Nyama

Mwaka 1962 yalitukia mambo mawili ambayo sijayaona yakiwekwa pamoja. Huko Nairobi kilipigwa chapa upya kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Habari za Wakilindi, kikiwa kimehaririwa na J.W.T. Allen. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alishika urais wa Jamhuri ya Tanganyika na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka uliofuata utawala wa machifu ukafutwa kwa sheria. Kwa hiyo katika muda wa miaka miwili tulirudishiwa habari za wafalme, tukapewa wizara ya kuzitunza, kisha tukaondolewa wafalme wenyewe. Mtumishi wa utamaduni anayetumwa Usambara hurithi mambo hayo matatu kwa pamoja, na aghalabu hajui la kufanya nayo.

Mimi nilikuwa mmoja wa watumishi hao. Nilipopanda milima ile kwa mara ya kwanza kikazi, nilikuwa na daftari na maagizo ya kukusanya masimulizi ya asili. Katika kila kijiji nilisimuliwa habari za Mbegha, na jioni niliandika karibu maneno yale yale niliyoandika jana yake. Nikadhani nimechoshwa na hadithi. Leo naona kwamba nilikuwa sijaisikia.

Kwa ajili ya msomaji asiyeijua, nitaieleza kwa ufupi. Mbegha alizaliwa Nguu, akiwa kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa ni nuksi kwa jamaa zake, na wengi waliuawa wangali wachanga. Yeye alinusurika, akakua, lakini jamaa zake walimnyima urithi na kumfukuza. Akaenda Kilindi, nchi ambayo leo ni wilaya ya mkoa wa Tanga, akapendwa kwa sababu ya uwindaji wake na dawa zake. Siku moja mtoto wa mkubwa wa huko alifuatana naye mwituni, akauawa na nguruwe. Mbegha akakimbia pamoja na mbwa zake, akaishi nyikani na katika mapango, mpaka alipopanda milima ya Usambara. Huko nguruwe walikuwa wakimaliza mazao ya watu. Mbegha akawaua, akawapa watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Wakampa wake, wakampa kesi zao awaamulie. Akachukuliwa hadi Vugha, akaua simba usiku, na kwa sababu hiyo mfalme akaitwa Simba Mwene. Mwanawe Buge, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Bumbuli, ndiye aliyerithi kiti.

Hivyo ndivyo ilivyo hadithi nzima. Lakini sivyo inavyosimuliwa sasa katika sherehe na mashindano ya ngonjera. Nimekaa meza kuu mara nyingi nikiisikiliza, na ninakiri kwamba hata mimi niliwahi kuitungia beti ambazo leo sitamani zisomwe. Katika masimulizi hayo Mbegha huanza kwa kupanda mlima. Hana meno, hana ndugu waliomfukuza, hana rafiki aliyekufa mkononi mwake. Huja kama shujaa aliyetumwa, akagawa nyama, akatawazwa, ngoma zikapigwa. Nguruwe mwenyewe hugeuzwa kuwa wanyama waharibifu, pengine kwa kuwastahi wageni Waislamu waliopo. Ingawa mwandishi wa kwanza aliyeitia hadithi hii kitabuni alikuwa Mwislamu, na hakuona haya kumtaja nguruwe kwa jina lake.

Nasema kwamba mambo yaliyoondolewa ndiyo yenye maana. Washambaa wana semi mbili kuhusu mtawala: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mmarekani Steven Feierman, ambaye kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa kilitoka mwaka 1974, alizieleza semi hizo kwa kirefu katika kazi yake ya baadaye ya mwaka 1990, na ni haki kumshukuru, maana sisi tuliokuwa tukilipwa mshahara kwa kazi hiyo tulizipita. Mfalme anayeweza kuleta mvua ndiye anayeweza kuizuia. Nguvu ni moja, mikono ni miwili. Sasa mtazame tena Mbegha. Kigego ni mtu ambaye uhai wake wadhaniwa kuwa kifo cha wengine. Dawa zake zilimpa nyama, na mwituni mwake mtoto wa watu akafa. Watu wa milimani hawakumpokea malaika. Walimpokea mtu mwenye nguvu ya kutisha, wakaifunga nguvu hiyo kwa chakula, kwa wake, na kwa makazi. Ukiondoa meno ya kigego, umeondoa hofu. Na ukiondoa hofu, yale mapatano yanabaki kuwa ukarimu tu.

Nami naona ni mapatano kwelikweli, tena yenye masharti. Angalia habari ya wake. Kila nchi ilimpa mke, na watoto waliozaliwa wakawekwa kuwa watawala huko huko kwa wajomba zao. Msomaji wa haraka ataona hapo tamaa ya mfalme. Lakini mjomba ni mtu mzito. Mtawala kijana aliyelelewa miongoni mwa wajomba hawezi kuwapora bila kuwapora waliomlisha. Na ugomvi ukitokea, ana watu wa kumwonya ambao hawezi kuwaita waasi. Hiyo ni katiba, ingawa haikuandikwa. Wazee wa kale waliiweka ndani ya hadithi ya ndoa kwa sababu hadithi ya ndoa haisahauliki.

Hapa yafaa niseme neno juu ya kitabu chenyewe, maana ni kazi kubwa, na sifa zake zimetuzuia tusione upungufu wake. Kilianza kutolewa na wamisionari wa Magila kwa sehemu, toka miaka ya 1890 hadi 1907. Mwandishi wake alikuwa mtu wa pwani aliyeishi na Wakilindi na kushiriki mambo yao, hasa upande wa Semboja. Kiswahili chake ni kitamu mno. Mazungumzo yake yana heshima na ukinzani wa barazani, hata mwindaji aliyetoka pangoni huzungumza kama mtu aliyelelewa penye msikiti na bandari. Sehemu ya Mbegha inatiririka kama hadithi ya usiku. Kisha mwandishi anafikia vita alivyovishuhudia, na sauti inabadilika: majina yanaongezeka, hesabu za bunduki, barua, hila, watu kutekwa na kuuzwa. Wengi wa wanaokisifu kitabu hiki wameishia sehemu ya kwanza. Mimi nasema sehemu ya mwisho ndiyo hukumu juu ya ile ya kwanza.

Kwa maana hebu tukumbuke yaliyofuata. Krapf alipofika Vugha mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala milima na nchi za chini kwa amri isiyopingwa. Kimweri alikufa mwaka 1862. Semboja hakukaa mlimani. Alikaa Mazinde, chini, penye njia ya misafara, akapata bunduki kwa biashara. Tangu hapo utawala haukutegemea tena chakula cha mkulima wala ushauri wa mjomba. Aliyekuwa na baruti hakuhitaji kupewa mke. Vita vikazuka baina ya wana wa ukoo mmoja, na raia wakauzwa utumwani na wale ambao babu yao alikuja na nyama mkononi. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei walisimama wakawafukuza na kuwaua Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Tukio hilo likaitwa Kiva. Je, Wabondei walikuwa wamesahau hadithi ya Mbegha? Nadhani waliikumbuka vizuri kuliko watawala wao.

Hapa ndipo ninapoachana na makundi mawili ya wenzangu. Wapo wasemao kwamba habari za Wakilindi ni masalio ya ukabila na ukabaila, na taifa lisizipe nafasi katika vitabu vyake. Wapo wengine, nao sasa wanazidi, wanaotaka zikuzwe kwa fahari ya kwao, kwa sanamu na siku ya ukumbusho. Wote wawili wamekubaliana jambo moja bila kujua: kwamba hadithi ni mali ya mfalme. Wa kwanza wanaichukia kwa sababu hiyo, wa pili wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Lakini Mbegha hakuisimulia hadithi yake. Iliyosimuliwa vizazi kwa vizazi, penye mafiga na njiani kwenda shamba, ni hadithi ya wakulima juu ya mtawala, na ndani yake mtawala anaingia akiwa na njaa ya wanga na anatoka akiwa na deni.

Sikulifahamu hilo kwa kusoma. Nililifahamu kwa kuaibishwa. Katika kijiji kimoja juu ya Bumbuli nilifuatana na ofisa aliyekuja kuwaeleza watu juu ya kuacha kulima karibu na chemchemi. Shauri lenyewe lilikuwa la haki. Lakini alilitoa kama amri, na alipoulizwa wenye mashamba yale watalima wapi, alisema hilo si la idara yake. Bibi mmoja mzee akasimama. Sikumwona akikasirika. Alisema kwamba Mbegha alipokuja alianza kwa kugawa nyama, na ndipo akaombwa kuamua kesi. Basi angependa kujua bwana huyu ameleta nini katika mfuko wake. Watu hawakucheka. Walimtazama yule ofisa wakisubiri jibu, kama kwamba swali hilo lilikuwa limeandikwa katika kanuni za mkutano. Mimi nilikuwa nimeshika daftari langu, na kwa siku tisa nilikuwa nimeandika habari za Mbegha bila kuandika swali hilo hata mara moja.

Baadaye wazee walinieleza kwamba maneno ya namna hiyo yalisemwa pia katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu kuchimba matuta katika miteremko ili kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Udongo kweli ulikuwa ukiporomoka. Lakini kazi iliwaangukia wanawake zaidi, nao waliona kwamba machifu wanaotekeleza amri ile wameacha kuitengeneza nchi na sasa wanaibana. Mpango ule ulikufa kabla ya Uhuru, na machifu wakapoteza heshima ambayo sheria ya mwaka 1963 ilikuja kuikamilisha tu. Mwanahistoria atataja chama na siasa, naye atakuwa sahihi. Mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kuongeza kwamba watu wale walikuwa na kipimo cha kumpimia mtawala, na kipimo hicho kilihifadhiwa ndani ya hadithi inayodhaniwa kuwa ya kumtukuza.

Ndiyo sababu nalaumu jinsi tulivyokusanya, na lawama hiyo nianze kujibebesha mwenyewe. Tulikwenda kwa wazee wa ukoo wa Wakilindi, kwa kuwa wao ndio waliotajwa kuwa wajuzi, nao walitupa orodha ya wafalme bila kosa. Hatukukaa na wanawake mashambani. Hatukuandika hadithi ilitajwa lini, mbele ya nani, kwa kumlenga nani. Tuliandika kwa Kiswahili moja kwa moja, kwa haraka ya kazi, na Kishambaa cha msimulizi kikabaki hewani. Katika majalada mengi niliyoyapitia, hadithi hii imekatwa pale Vugha, simba akiwa amekwisha kufa. Hata Mputa, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1895, amewekwa katika jalada jingine, chini ya kichwa cha upinzani dhidi ya ukoloni, kana kwamba hakuwa wa ukoo ule na hadithi ile.

Ningependa toleo jipya la masimulizi ya Usambara litengenezwe kwa namna nyingine: Kishambaa upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, kigego akiwa na meno yake, nguruwe akiitwa nguruwe, na mwisho wa kila simulizi kuandikwe mahali na shauri lililokuwa likizungumzwa. Wasimulizi wa nyakati zile wamepungua sana, lakini mikutano ya vijiji bado inaitishwa, na milimani kule bado kuna chemchemi, miteremko, na maofisa wanaopanda wakiwa na mifuko. Yule bibi hakujibiwa siku ile. Ofisa alifunga mkutano, tukashuka na gari kabla ya mvua, na swali lake nililiandika usiku katika ukurasa wa mwisho wa daftari, baada ya hesabu za posho.