Siku Arobaini za Mzazi wa Goziba

Mwanamke anayekanda mzazi huanzia jikoni. Maji huchemshwa kwanza, kisha humiminwa kwenye beseni na kupozwa kwa maji ya baridi, kata baada ya kata. Huyapima kwa kiwiko, kwa sababu kiganja kilichozoea kuepua sufuria hakijui tena moto wa kumuunguza mwenzake. Ndipo huchovya taulo au kipande cha khanga, hukikamua, hukikunja na kukilaza tumboni, chini ya kitovu. Hungoja joto liingie. Halafu hukanda polepole, kutoka ubavuni kuja katikati, macho yake yakiwa usoni pa mzazi. Uso ukikunjamana, mkono hulegea.

Ufundi huu umeenea Tanzania, tangu Pwani hadi visiwa vya Ziwa Viktoria. Goziba, kisiwa cha wavuvi katika Wilaya ya Muleba, kiko mbali ziwani, na watu wake wamefuata samaki kutoka pande nyingi. Binti anayejifungua mwaloni huweza kuwa na mama yake ng'ambo, safari ya saa kadhaa kwa boti. Basi jirani humkanda, pengine wa kabila jingine kabisa, na binti humwita mama bila kuulizana ukoo.

Ninachokistahi zaidi ni vidole vya wanawake hawa. Mara tu baada ya uzazi, mfuko wa uzazi una uzito wa karibu kilo 1, na ncha yake ya juu hufika usawa wa kitovu. Hushuka kadiri ya upana wa kidole kila siku. Baada ya wiki mbili hivi haupapasiki tena tumboni, na kufikia wiki ya sita uzito wake haufiki gramu 100. Mkandaji mzoefu huifuata safari hiyo siku kwa siku. Akikuta kitu kigumu cha mviringo, hutulia. Akikuta tumbo teketeke na damu inazidi, taulo huwekwa kando na mzazi hupelekwa kwa mganga wa zahanati upesi. Aliyejifungua kwa upasuaji hamkandi tumbo hata kidogo. Kujua wakati wa kutogusa ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Anaijua pia siri ya chango. Mtoto anapoanza kunyonya, tumbo la mama hukaza na kuuma, hasa kwa mwenye uzazi wa pili au wa tatu. Mkandaji humwambia avumilie, aendelee kunyonyesha. Ushauri wake ni sahihi: kunyonyesha huamsha homoni ya oksitosini, na hiyo ndiyo inayokaza mfuko wa uzazi na kupunguza damu.

Baada ya maji hufuata mkaja, kitambaa kirefu cha kufunga tumbo. Kinapaswa kushika bila kubana pumzi, na mzazi aweze kuketi na kupakata mtoto. Pwani wameupa mkaja heshima ya pekee: binti anapoolewa, upande wa bwana harusi humlipa mama wa binti fedha ya mkaja, kwa kukumbuka tumbo lililombeba.

Majani nayo yana mahali pake. Wahaya wanaujua mubirizi, mti mchungu uotao karibu na nyumba. Mwaka 2012 mtafiti Mainen Moshi wa Muhimbili na wenzake walichapisha uchunguzi wa mimea ya tiba ya kijiji cha Kikuku, Muleba, baada ya kuandika juu ya kata za Bugabo na Katoro huko Bukoba. Ng'ambo ya kaskazini, Waganda humwogesha mtoto mchanga kwa maji ya mimea yaitwayo kyogero. Mjuzi wa majani huonekana kwa uchache wa anachotoa. Hachanganyi asichokijua, hamnyweshi mtoto mchanga dawa, na kitovu chake hukiacha kikavu na kisafi.

Chakula hakihitaji mganga. Ndizi za kupikwa na mchuzi, uji mwepesi kila mara, na dagaa, ambao huliwa wazima pamoja na mifupa yao, hivyo humpa mama madini ya chokaa wakati mwili wake unayatoa kwenye maziwa.

Mila ikihesabu siku arobaini, hospitali nazo huhesabu siku 42 za uzazi, na Shirika la Afya Duniani linataka mama aonwe na mhudumu angalau mara nne ndani ya muda huo. Mkandaji humwona kila siku. Wawili hawa wakisikilizana, dalili mbaya haitapita kirahisi bila kuonwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayeanika dagaa kwa riziki ya siku hana mwajiri wa kumpa ruhusa. Maji ya moto humlazimu alale, mkaja humlazimu aketi, na uji ulioletwa humlazimu ale kabla ya wengine. Wanawake wanaoanika sehemu yake ya dagaa wakati yeye anakandwa ndio wanaompa likizo, nao wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa watumishi wa afya wa nchi hii.