Allée, Uchochoro na Miti ya Rongai: Tatizo la Kisawe

Mwanafunzi anayetafsiri Much Ado About Nothing ya Shakespeare hukutana mapema, katika onyesho la pili, na habari ya Don Pedro na Claudio kutembea katika 'alley'. Kamusi itampa 'uchochoro'. Akilikubali, mwanamfalme atakuwa amenong'ona baina ya kuta za mjini, ilhali mwandishi amemweka katika bustani ya wenyeji wake, chini ya matawi yaliyosukwa kwa mkono.

Kosa hilo lina nasaba. Allée la Kifaransa latokana na kitenzi aller, 'kwenda', na maana yake ya awali ni 'mwendo'. Baadaye likataja mahali pa kupitia, kisha njia ya bustanini yenye miti kandokando, kama zile alizozipanga André Le Nôtre huko Versailles tangu miaka ya 1660. Waingereza walilirithi neno hilo mapema, na kwao likateremka hadi vichochoroni. Avenue, kwa upande wake, latokana na kitenzi chenye maana ya 'kufikia'. Moja laenda, jingine lawasili.

Kiswahili nacho kina 'kipito', kutokana na 'pita'. Kina pia 'ushoroba', linalosisitiza wembamba (na wembamba, kwa sadfa, ndiyo maana ya rongai katika Kimaasai, kama katika jina Ongata Rongai). Hakuna kati ya hayo linalodokeza miti.

Hata hivyo, hatuwezi kudai kwamba dhana yenyewe ni ngeni. Katika Rongai na Bonde la Ufa la kati kwa jumla, walowezi walipanda mijakaranda ya Amerika ya Kusini na mikaratusi ya Australia kandokando ya njia za kuingilia mashamba yao. Safu kama hizo humwelekeza mgeni kwenye nyumba ya mwenye shamba, naye hutambua mapema ardhi ni ya nani. Kwa hiyo 'njia yenye miti' hutoa picha na kuacha umiliki.

Upungufu huo ni mzito zaidi katika Julius Caesar, tamthilia aliyoitafsiri Nyerere mwaka 1963. Antonio anapousoma wasia, umati unawaka kwa sababu matembezi yenye vivuli yaliyokuwa ya mtu mmoja sasa yanakuwa yao. Msomaji asiyeihisi miliki hiyo hataona kwa nini zawadi ya njia imtie mtu hasira.

Kwa tamthilia ya kwanza, basi, tungependekeza 'kipito cha miti'. Kwa wasia wa Kaizari tungelazimika kumtaja mwenye miti.