Nani Mgavi? Uhakiki wa Nguvu Tano za Porter kwa Jicho la Mkulima wa Kahawa

Makala ya Michael Porter yaliyochapishwa mwaka 1979 katika Harvard Business Review ni miongoni mwa yaliyoathiri zaidi fikra za mkakati wa biashara. Yanafafanua nguvu tano zinazoamua faida katika sekta: ushindani baina ya kampuni zilizopo, tishio la washindani wapya, tishio la bidhaa mbadala, uwezo wa wanunuzi na uwezo wa wagavi. Kiswahili kinapozidi kupata nafasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, nadharia hii itafundishwa kwa lugha yetu. Uhakiki huu unadai kwamba kuitafsiri hakutoshi.

Tatizo linaanzia kwenye istilahi. Anayeiuzia kampuni malighafi, wafasiri wengine humwita “msambazaji”, neno linalomtaja pia anayetawanya bidhaa sokoni. Pande mbili za biashara hukutana katika jina moja. Wengine humwita “mgavi”. Lakini agawaye ana mamlaka juu ya anachogawa. Je, mkulima wa kahawa wa Kirimiro, eneo linaloizunguka Mushasha na mji wa Gitega, anayo mamlaka hayo? Matunda mabivu huharibika haraka. Hayana budi kumenywa muda mfupi baada ya kuchumwa. Aliyeyabeba hadi kituo cha kuoshea kahawa hawezi kurudi nayo nyumbani akingojea bei bora.

Porter hakukosea. Anaeleza wazi kwamba wanunuzi wachache wenye kununua kwa wingi huwa na nguvu. Upungufu ni mahali aliposimama: anamshauri aliye ndani ya kampuni, na kwake uwezo wa mgavi ni tishio la kudhibitiwa. Tukisimama upande wa mkulima, uwezo huohuo ni riziki. Makala yenyewe yanakiri kwamba mgavi hupata nguvu anapoweza kuingia katika kazi ya mteja wake. Ushirika wa wakulima unaomiliki kituo cha kuoshea hufanya hivyo hasa.

Kwa hiyo, wanaoandaa mitaala na kushauri serikali wanapaswa kutumia “mwuza malighafi” badala ya “msambazaji”, na kila nguvu ifundishwe mara mbili: kwa jicho la kampuni, kisha la mkulima. Vinginevyo, Kiswahili kitamfundisha mtoto wa mkulima kumwona mzazi wake kuwa tishio.