Na watoto wale nini?

Uliza yeyote aliyesoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea akiwa sekondari: Sudi ni mzalendo, alama mbili. Amekataa kuchonga kinyago kinachotakiwa na utawala wa Majoka, hata keki ya uhuru haionji. Sawa. Na watoto wale nini?

Anayenivutia mimi ni Ashua, mkewe, anayejipeleka ofisini kwa Majoka kuomba msaada na kuishia ndani. Akiwa seli anadai talaka, nasi darasani tukamwandika kuwa mwenye tamaa. Tamaa ya unga, jamani? Msimamo ni wa Sudi, sufuria tupu ni ya Ashua. Natamani Kea angemwachia jukwaa zaidi pale seli. Sudi tumeshamsikia vya kutosha.