Wembe Katika Kitabu cha Chanler

Picha za Wazungu zinazoonyesha Meru na Embu kabla ya kuja kwa serikali ya kikoloni ni chache, na karibu zote zimo ndani ya vitabu vya safari vya miaka ya 1890. Ndiyo maana uamuzi wa kukivunja kitabu na kuuza picha zake moja moja, hata ukiitwa werevu wa biashara, ni uharibifu mtupu.

Embu iliingia katika maandishi ya Ulaya bila picha. Krapf, mmisionari aliyeuona Mlima Kenya kutoka Ukambani mnamo Desemba 1849, alipewa habari za mlima huo na Rumu wa Kikandi, mtu wa Uembu. Wasafiri Teleki na Höhnel walipita upande wa magharibi wa mlima mwaka 1887; toleo la Kiingereza la kitabu chao, lililotoka 1894, lina picha 179. Neumann, mwindaji wa ndovu, alichapisha chake mwaka 1898, kikiwa na michoro ya akina Millais na Caldwell, ambao hawakuwa naye porini. Kati ya hivi vyote, kinachoigusa Meru kwa karibu zaidi ni kile cha Mmarekani William Astor Chanler, *Through Jungle and Desert*, cha 1896. Chanler aliondoka pwani ya Lamu mwaka 1892 pamoja na Höhnel, akafuata Mto Tana, na mwaka uliofuata akapitia Tharaka hadi vilima vya Nyambene. Picha nyingi za kitabu hicho zilitokana na fotografia za safari yenyewe.

Hapo ndipo wembe unapoingia. Kitabu kizima kina mnunuzi mmoja, na huyo hujadili bei. Picha thelathini zina wanunuzi thelathini, na wengi wao hutafuta kitu cha kutundika sebuleni au hotelini. Mvunjaji hufungua kitabu mpaka mgongo ulie, hupitisha wembe kwenye mshono, huvuta karatasi, kisha hupunguza kingo ili iingie kwenye kadibodi ya fremu. Kingo zikipunguzwa, nambari ya ukurasa mara nyingi huenda nazo, na pengine hata maelezo ya chini ya picha. Ramani huuzwa kivyake kwa sababu ina bei nzuri. Maandishi yaliyobaki, yaani sehemu pekee inayosema nani alipigwa picha, wapi, na katika mazingira gani, hutupwa au huuzwa kwa bei ya karatasi.

Hasara yake si ya hisia tu. Chanler aliwaandika watu wa Nyambene kwa majina ya Embe, Daitcho na Wamsara. Embe ni Igembe. Karatasi iliyokatwa yenye neno hilo ni rahisi kuuzwa kama picha ya Embu, walio upande wa kusini-mashariki wa mlima, mbali na Nyambene. Ukurasa wa Höhnel unaotaja Meru nao hujikuta ukutani kwa mtu wa Imenti, katika Meru ya Kenya, ilhali safari inayosimuliwa pale ni ya Mlima Meru ulio karibu na Arusha. Kosa hilo la Meru mbili limekemewa mara nyingi na bado linaishi, kwa sababu aliye na karatasi moja hana sura ya kitabu ya kusoma wala ramani ya kulinganisha. Chanler, zaidi ya hayo, alipigana na Wamsara mwaka 1893. Ni maandishi tu yanayoweza kueleza kama mtu aliyesimama mbele ya kamera alisimama hivyo kabla ya bunduki kulia au baada yake. Picha bila sura yake humgeuza adui wa jana kuwa pambo.

Baada ya wembe huja brashi. Picha za vitabu na magazeti ya Uingereza ya wakati ule kwa kawaida zilitoka kwa wino mweusi, na rangi ya maji iliyopakwa juzi huongeza bei bila kuongeza ukweli: kila shuka huwa na wekundu uleule wa tofali, na kila kilima kijani kibichi. (Gazeti la *Le Petit Journal* la Paris lina udhuru, kwani picha za nyongeza yake zilichapwa kwa rangi.) Kwa kioo cha kukuzia, mchongo wa mti huonyesha mistari mizito isiyokatika ovyo, na picha iliyochapwa moja kwa moja kutoka kwenye fotografia huonyesha nukta zilizopangwa safu kwa safu. Mchongo mkubwa wa gazeti huwa pia na ufa mwembamba mweupe unaokata anga au maji, mahali ambapo vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja kwa skrubu vilikutana. Ufa huo ni cheti cha kuzaliwa, na anga ikipakwa buluu hupotea.

Kipimo hicho kinasaidia hasa kwa picha za vita. Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906, na E. B. Horne, anayeitwa Kangangi katika simulizi za Meru, alifungua kituo cha Meru mwaka 1908. Kufikia miaka hiyo magazeti ya London yalikuwa yamehamia kwenye uchapaji wa nukta, hata kwa michoro ya mkono. Mchongo wa mti unaodaiwa kuonyesha uvamizi wa Embu unastahili kutiliwa shaka kabla hata ya kuuliza bei.



Wapo pia waliokusanya bila kukata. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, alikusanya vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900, na mkusanyo wake ukabaki nchini, mikononi mwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi, ingawa nje angepata wanunuzi. Mwingereza Humphrey Winterton alifuata nidhamu hiyohiyo katika fotografia: picha zake za Afrika Mashariki, zaidi ya 7,000, zilifika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani mwaka 2002, nyingi zikiwa bado ndani ya albamu zake, pamoja na maandishi ya waliozibandika. Hakuna kati yao aliyehitaji wembe.

Kwa karatasi ambazo zimekwisha kukatwa, tiba ni ndogo: kingo zisipunguzwe tena, kadibodi yenye asidi iondolewe, na nyuma ya kadibodi mpya yaandikwe kwa penseli jina la kitabu, mwaka, toleo na ukurasa. Nakala ya sura husika, hata ya kompyuta, iwekwe kwenye bahasha nyuma ya fremu. Karatasi isiyoweza kurudishwa kwenye kitabu chake kwa jina inunuliwe kwa bei ya pambo.