Ufundi wa Kuchuja Maneno

Miongoni mwa kazi zilizozaliwa na kompyuta ipo moja ambayo husifiwa kwa nadra, kwa kuwa ikifanywa vizuri haionekani, nayo ni kazi ya kuchuja maneno katika michezo ya kidijitali, hasa ile inayoundwa na watu wengi na kuchezwa na watoto. Chujio la maneno ni sehemu ya programu inayosoma maandishi ya mchezaji kabla hayajamfikia mchezaji mwingine, ikaamua yapite, yafichwe, au yapelekwe kwa mtu ayaangalie. Kwa juujuu kazi hii huonekana kuwa ya wahandisi peke yao, lakini ikitazamwa kwa karibu, na hasa ikitazamwa kutoka upande wa Kiswahili, ni kazi ya lugha, na anayeiweza ni yule anayejua jinsi watu wanavyotukanana, wanavyotaniana na wanavyostahiana.

Michezo mingi ya leo huundwa kwa ushirikiano. Roblox, jukwaa la Marekani lililofunguliwa kwa umma mwaka 2006, huwapa watumiaji wake programu iitwayo Roblox Studio, ambayo kwayo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kujenga mchezo kwa lugha ya kompyuta iliyotokana na Lua, lugha iliyobuniwa na wataalamu wa Brazili mwaka 1993. Ndani ya programu hiyo watu kadhaa, kila mmoja akiwa kwenye kompyuta yake, huingia katika kazi moja kwa wakati mmoja: mmoja anapanda miti na kuinua kuta, mwingine anaandika msimbo, yaani maelekezo ambayo kompyuta huyatekeleza, na wa tatu anapanga maneno yatakayosomwa na wachezaji, huku matoleo ya awali yakihifadhiwa ili lililoharibika liweze kurejeshwa. Wanaotumia Godot, programu huria ya kuundia michezo iliyoanzishwa Argentina, aghalabu huiambatanisha na Git, iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza historia ya faili na kuunganisha kazi za watu mbalimbali. Git ina tabia moja inayofaa kuangaliwa: watu wawili wakibadili mstari uleule kwa namna tofauti, haichagui upande, ila husimama, ikaonyesha maandishi yote mawili, ikamwachia binadamu aamue. Busara hiyo ya chombo kujua mahali pa kusimama ndiyo ambayo chujio la maneno linaihitaji zaidi.

Katika Roblox, maandishi yanayoandikwa na mchezaji na kuonyeshwa kwa wengine, yawe ni jina la mnyama wake au ujumbe wa kumpongeza mwenzake, hayana budi kupitishwa kwenye chujio la jukwaa lenyewe, na neno linalokataliwa hugeuzwa kuwa safu ya alama za reli (#). Chujio la aina ya kale zaidi huongozwa na orodha ya maneno mabaya. Tangu mwaka 1975, Alfred Aho na Margaret Corasick walipochapisha njia ya kutafuta maneno mengi kwa kuyapitia maandishi mara moja tu, kasi imekuwa tatizo dogo. Tatizo kubwa ni kwamba mashine huona herufi, ilhali tusi limo katika maana. Wakazi wa mji wa Scunthorpe nchini Uingereza waliligundua hilo mwaka 1996, pale kampuni ya intaneti ya AOL ilipowazuia kufungua akaunti kwa sababu herufi za jina la mji wao zimebeba tusi la Kiingereza.

Kiswahili kina Scunthorpe zake nyingi, na iliyo mbaya kuliko zote imekaa katikati ya lugha ya michezo yenyewe. Kila mchezo una hatua za kumaliza, na kitenzi hicho, sawa na kumaanisha na kumaizi, huanza na herufi nne ambazo zikikatwa na kusimama peke yake huwa tusi zito. Chujio lisilojua sarufi litamfunga mdomo mtoto anayetaka tu kuwaambia wenzake kwamba amekaribia kumaliza. Upande wa pili, orodha yenye neno tukana haitaliona neno hilo ndani ya usinitukane, wametutukana au wanatukanana ikiwa inalinganisha maneno mazima, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hujengwa kwa kuuzungushia mzizi viambishi vya nafsi, njeo, mtendwa na kauli. Dawa ya magonjwa yote mawili ni uchanganuzi wa neno, yaani kulifumua hadi mzizi wake ubaki wazi, na njia hiyo ilikwishatengenezwa zamani: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kujenga mfumo wa SALAMA, ambao hutambua kwamba ku- ya mwanzo ni kiambishi na maliza ni kitenzi. Sarufi ya ngeli na viambishi, inayofundishwa katika madarasa ya Kiswahili, hugeuka hapa kuwa kifaa cha kumlinda mtoto.

Lakini sarufi nayo ina ukomo, kwa sababu Mswahili hodari wa kutukana hahitaji tusi. Anaweza kumwondoa mtu katika ngeli ya watu na kumtia katika ngeli ya vitu, akasema kijitu hiki kimeshindwa tena, na hakuna neno hata moja katika sentensi hiyo ambalo orodha ingelikataa, ingawa aliyeambiwa ameumia. Umbo hilohilo la udogo, likitamkwa na bibi kwa mjukuu wake, huwa ni mapenzi. Hukumu ya neno hutegemea nani amesema, kwa nani, na baada ya lipi.

Ugumu huo ulionekana hadharani nchini Kenya mwezi Aprili 2022, wakati Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ilipotoa orodha ya maneno ambayo yangeweza kuchochea chuki kuelekea uchaguzi, yakiwamo madoadoa, kwekwe na mende. Tume ilikuwa na sababu nzito, kwani maneno ya aina hiyo yaliwahi kutumiwa kuwataja majirani kama uchafu wa kuondolewa, na Afrika Mashariki inajua vizuri, tangu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, mwisho wa kumwita binadamu mdudu. Hata hivyo maneno hayo matatu ni ya shambani na nyumbani kabla ya kuwa ya siasa. Ichukuliwe kwamba wanafunzi wa Kifungilo, karibu na mji wa Lushoto nchini Tanzania, ambako kuna shule ya sekondari ya wasichana inayoendeshwa na watawa wa Kikatoliki, wamebuni mchezo kuhusu kilimo cha milima ya Usambara, wenye viazi, kabichi na karoti kwenye miteremko mikali. Mchezo huo hauwezi kusema kweli bila madoadoa kwenye jani la kiazi lililoshikwa na ukungu, wala bila kwekwe zinazosonga karoti, na chujio lililobeba orodha ya uchaguzi bila kuuliza lingeufanya mchezo mzima uwe alama za reli.

Milima hiyohiyo ina somo kuhusu kanuni zinazoshushwa kutoka mbali. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwalazimisha Wasambaa wa bonde la Mlalo na kwingineko kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, na ingawa mmomonyoko ulikuwa wa kweli, watu waliipinga amri hiyo mpaka ikaachwa. Mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani, ulishughulikia udongo uleule kwa kupanda miti na majani ya guatemala kwa kufuata kontua, yaani mistari ya usawa wa mteremko, na ukahitaji mkulima akubali na achague. Chujio nalo laweza kuwa na nia njema na bado likakataliwa, wachezaji wakalikwepa kwa kuandika maneno kwa tarakimu na alama, ikiwa waliolitunga hawakukaa na wanaolitumia.

Hapa ndipo zana za ushirikiano na ufundi wa kuchuja zinapokuwa kazi moja. Orodha ya maneno ikitunzwa pamoja na historia yake, kila neno huambatana na aliyeliongeza, tarehe, na sababu, na anayeona limeonewa anaweza kupendekeza liondolewe, wengine wakajadili. Mwalimu wa Kiswahili wa Lushoto, mhandisi wa Nairobi na mtafsiri wa Zanzibar wanaweza kulipima neno lilelile, kila mmoja akieleza linavyosikika kwao, kwa maana utani wa Dar es Salaam waweza kuwa tusi Mombasa. Mkusanyo wa AfriHate, uliotolewa mwaka 2025 ukiwa na jumbe za lugha 15 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, ulitegemea wazawa wa lugha hizo kuamua upi ni ujumbe wa chuki, upi ni wa matusi tu, na upi ni wa kawaida. Mashine zitakazofunzwa kwa mikusanyo kama huo zitakuwa na akili kwa kadiri ya umakini wa watu hao.

Mchujaji stadi hujulikana kwa mambo matatu: huzuia kidogo na kueleza sababu, hukubali kusahihishwa na wenye lugha, na pale asipokuwa na hakika humwita binadamu mwenzake badala ya kuiachia mashine. Sifa hizo ni za mhariri mzuri na za mwalimu mzuri, na zimo tele katika jamii ya Waswahili, ambayo imezoea kupima neno kabla ya kulitoa. Kinachobaki ni kwamba walimu, wahariri na washairi waihesabu kazi hii kuwa yao, waingie katika timu za waunda michezo tangu siku ya kwanza, na walipwe kama wanavyolipwa waandika msimbo, kwa sababu mtoto anayecheza kwa Kiswahili anastahili kulindwa na watu wanaokijua Kiswahili.